Taarifa ya Mwaka, Ghala Namba Tatu

Waheshimiwa wafadhili, majirani,
na wewe uliyeingia kwa kuwa mvua imekukuta relini,
karibuni. Viti ni tisa.
Waliosalia waketi juu ya kasha la nanga,
limebeba mazito kuliko nyinyi.

Mimi ni Osewe Rapudo, mweka hazina
wa makumbusho haya ya vyombo vya ziwa, Kisumu.
Nimeagizwa nisome tarakimu tu.

Wageni: elfu moja mia nne na kumi na wawili.
Kati yao wanafunzi mia tisa,
na mbuzi mmoja aliyekatiwa tikiti
kwa sababu mwenyewe alikataa kumwacha nje.

Paa: robo tatu limeezekwa.
Robo iliyobaki tunaiita, kwa heshima, dirisha.

Gugumaji lilifunga gati mwezi wa tano wote.
Mashua ya mafunzo haikutoka.
Tukawafundisha watoto mafundo ya kamba papa hapa sakafuni,
hadi asubuhi moja mlinzi akakuta mlango umefungwa
kwa fundo asilolijua. Alituita tuje na kisu.
Hatukukata. Tulimwita mtoto.

Tumepokea:
usukani wa meli, kwa Hansaben Raithatha,
ambao familia yake iliunywea chai miaka thelathini;
misumari ya shaba, kilo mbili, kwa fundi Makokha,
aliyesema ni mkopo,
kisha akafariki,
kisha mwanawe akaja kusema si mkopo tena;
shilingi hamsini kila Ijumaa
ndani ya bahasha ya duka la dawa, bila jina.
Mwandiko tunaujua. Tumenyamaza.

Halafu kuna kitu nilichokikosea safu.

Mwezi wa nane Dorsila Abuto alikuja kwa miguu kutoka Dunga
amekumbatia jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa,
bado limo ndani ya nailoni ya dukani,
bei inaning'inia.
Marehemu alilinunua, akalitundika juu ya kitanda.
Alisema ziwa litalichakaza.
Akawa anaenda kuvua omena na shati lake.

Tukamuuliza tuandike nini kwenye kibao.
Akafikiri.
"Andikeni: jipya."

Tumeandika: JIPYA.

Tangu hapo watu husimama pale
kuliko kwenye kengele,
kuliko kwenye injini ya mvuke tuliyoisugua miezi sita.
Vijana wa boti walikuja, wakatazama, wakatoka
bila hata mzaha mmoja, na nyinyi mnawajua.
Juma lililofuata niliwahesabu majini
kumi na mmoja, vifua vimevimba rangi ya chungwa
kama majogoo waliovishwa sare.

Kumi na mmoja. Niwaweke wapi,
mapato au matumizi?
Mkaguzi wa hesabu alisema nifute mstari huo.
Sikuufuta.

Haba na haba hujaza kibaba, mtasema.
Mimi nimelelewa na mtu wa mashua:
haba na haba huzamisha pia.
Tofauti ni nani yumo ndani, kopo mkononi,
wenzake wamelala.
Mwaka huu hamkulala.

Fundi Makokha alinionyesha kalafati:
pamba husukumwa kati ya ubao na ubao,
ikapigwa nyundo, ikafunikwa lami.
Chombo kikishushwa, watu husifu rangi,
husifu jina lililochorwa ubavuni.
Sijasikia mtu akisema, tazama pamba ile.
Basi leo, kwa kutumwa na kamati
na kwa hiari yangu mwenyewe,
nasema: pamba ile.

Salio ni shilingi elfu sita mia tatu na arobaini.
Robo ya paa, kama mnavyosikia, inaendelea na hotuba yake.
Aliye karibu na ndoo
aisogeze kidogo kushoto.
Hapo. Ahsante.