Nyuzi

Karakana yangu iko Wadi Kabir, nyuma ya duka la matairi.
Julai. Kiyoyozi kinakohoa. Mezani
kuna kurunzi iliyojaa maji
kama kikombe alichokisahau mtu.

Mbaruku ameileta jana. Hakugomba.
Alisema tu: Mita ishirini na mbili, usiku,
Bandar Khayran, ikanifumbia jicho.
Nikarudi juu nikifuata taa ya Shinuna.
Hebu ifungue.

Nikaifungua. Juu ya mpira mweusi wa duara,
pale bahari inapoombwa isipite,
umelala unywele.
Mmoja. Mrefu. Una hina nchani.

Watu hudhani taa ya chini ya maji ni ukali tu:
nipe lumeni elfu tano, nipe jua!
Haya, ngoja maji yawe supu ya kijani,
uliwashe hilo jua lako uone.
Kila chembe itakurushia mwanga wako machoni,
usimame katikati ya tufani ya vumbi
uliyoinunua kwa riali zako mwenyewe.

Kwa hiyo mwale niliubana. Nyuzi nane,
msumari wa mwanga.
Shinuna akaukataa.
Yeye hukata nyavu zilizotupwa,
zile zinazoendelea kuvua bila mwenyewe,
na wavu, alisema, hauji mbele tu,
unakuzunguka. Nataka kuviona viwiko vyangu.
Tukabishana wiki mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu,
kila mmoja akihamia lugha ya pili
alipohisi anashindwa katika ya kwanza.
Tukaishia na lenzi mbili katika kichwa kimoja:
nyuzi nane za kuitana,
nyuzi mia za kukatia.

Na rangi. Mwanga wa buluu huenda mbali, kweli,
vipimo vyangu vyote viliusifu.
Lakini siku kisu kilipomteleza
Shinuna aliona moshi wa kijani ukimtoka kidoleni,
akadhani ni mwani,
akaendelea kukata.
Mpaka kurunzi kuukuu ya Mbaruku, ile ya njano njano,
ikapita juu ya mkono wake
na moshi ukawa damu.
Tangu hapo sikuchagua tena mwanga unaokwenda mbali.
Nachagua unaomwambia mtu ukweli wa mwili wake.

Kitufe sikuweka. Kitufe ni tundu, na tundu ni mlango.
Pete ya sumaku inazunguka kwa nje,
inanong'ona na chuma kilicho ndani,
ukuta haujatobolewa.
Gamba ni la aluminiamu. Ukilisahau botini adhuhuri
litakubabua kiganja, najua, nimeshalalamikiwa;
lakini plastiki huficha joto tumboni
na betri huchemka kimya kimya.
Utepe unapita nyuma ya mkono, vidole vibaki huru.

Usione vyaelea, vimeundwa.
Sawa. Na vizamavyo je?
Vizamavyo navyo vimeundwa,
na aliyeviunda hulala nchi kavu,
feni inamzungukia, hajui saa hii
nani yuko gizani na kazi ya mikono yake.

Nyuzi za pembe, nyuzi za wavu: neno moja.
Nilizipima zote kwa miezi saba.
Uzi wa tatu ndio sikuupima.

Unywele ni wangu, nikamwambia Mbaruku.
Akavua kofia, akajipapasa upara:
Nilishakisia.

Leo nimefunga kilemba, nimekaza hadi masikio yanauma.
Mfereji wa mpira nimeusafisha kwa kijiti cha pamba,
kisha tena, kisha nikavaa miwani nikausafisha tena.
Grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele.
Nimeongeza mpira wa pili nyuma ya wa kwanza,
mlinzi wa kumlinda mlinzi.

Sasa kurunzi iko ndani ya pipa la majaribio,
pampu inasukuma, mshale unapanda:
mita kumi, ishirini, ishirini na mbili.
Hapo nashika ukingo wa meza.
Thelathini.
Natazama kiputo.