Daftari la Vipimo

Kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na sita.
Ndivyo alivyoingia daftarini mwangu Filgona Adero,
ukurasa wa kumi na moja, kwa penseli,
msichana wa Kaloleni na kitambaa chake ndani ya gazeti:
satini nyekundu, ya bei rahisi,
ya kuchujuka ukiitazama vibaya.
"Fundi, nishonee gauni litakalogeuka
kabla mimi sijageuka."
Sikuelewa. Nikamwongezea marinda.

Babaye alikuwa makanika wa reli.
Baharia wa meli ya Mwanza alimlipa deni kwa santuri,
sita, za Kuba, jalada moja limeliwa na mende.
Binti akazila zilizobaki,
neno kwa neno, bila kujua hata neno moja,
kama mtoto anayekariri misa ya Kilatini
huku anawaza maandazi.

Jumamosi, Kondele, Baa ya Pamba Roho.
Tarumbeta mbili, ngoma za ngozi ya ng'ombe wa Ahero,
na besi mikononi mwa karani wa manispaa.
Walevi wakaulizana: hii nini tena?
Mmoja akajibu, ni rumba iliyoachwa na basi, inalikimbilia.
Kufika saa sita hapakuwa na aliyeketi.

Kiuno ishirini na nane. Thelathini na moja.
Tepu yangu ilijua
kabla ya mwenye mimba kumwambia aliyempa.
Nilinyamaza, nikaacha nguo ya ziada kwenye mishono.

Picha zake zilibandikwa kwenye nguzo za umeme mpaka Busia.
Redioni wakamwita Malkia, Kakamega wakamwita mara tatu,
na mara ya tatu mwenye kuandaa dansi
akatoroka na sanduku la viingilio.
Akarudi kwangu Jubilee na viatu mkononi:
gauni la kijani, kwa mkopo.
Ukurasa ule wa deni sikuuchana.
Umepotea tu.

Halafu ile harambee ya paa la kanisa.
Sista Pilar, Mhispania wa zahanati, alisikiliza wimbo wote,
akaja nyuma ya jukwaa anafuta machozi ya kicheko.
"Mwanangu, moyo ni *korasoni*. Wewe unaimba *korasa*.
Hiyo ni deraya, ya chuma, ya askari wa zamani."
Miaka tisa, basi, Nyanza nzima,
alikuwa akiwalilia wanaume
wamrudishie deraya yake.
Alinisimulia akiegemea cherehani, mbavu zinamuuma.
Wenye bendi wakataka arekebishe.
Akakataa. "Neno limenizoea," alisema.

Ukurasa wa sabini. Jumanne, mvua.
Aliingia, akajifungia mlango mwenyewe.
"Pima."
Upande wa kushoto tepu ililala, ikagusa mfupa.
Niliandika tarakimu, nikaifuta, nikaiandika tena.
Hakuna aliyetufundisha kupima pale ambapo hapapo.

Nikashona mfuko ndani ya gauni.
Pamba ilikuwa nyepesi, akizunguka inapanda begani.
Mchele ulikuwa mgumu, unachoma kidonda.
Nikakumbuka wimbi la mama, kutoka Vihiga:
punje ndogo, nzito kiasi,
zinakwenda mwili uendako, zinarudi.
Wimbi, akasema, akilitikisa kiganjani.
Ziwa liko pale nje, na wewe unanitia lingine.

Usiku ule nilisimama mlangoni, kiingilio sikulipa.
Alipofika kwenye lile neno alijipiga kifuani, kushoto,
*korasa*,
na waliokaa mbele wakasikia kayamba,
wakageuka huku na huku kumtafuta mpigaji.

Siku hizi haimbi sana. Kiuno sikisemi.
Mwezi uliopita mshono ulifumuka uani kwake,
kuku wa Kaloleni wakaja mbio, wakadonoa
hadi kwenye saruji.
Mjukuu alitaka kuwafukuza. Yeye akamzuia,
akanipigia simu akiwa bado anacheka:
"Fundi, wameila yote.
Lete kilo nyingine."