Dakika Tisini

Kisa chasema: wewe ni afisa wa utawala, daraja la pili,
katika mji usiotajwa jina.
Maji ya mfereji hutoka Jumanne na Ijumaa, usiku wa manane.
Wachuuzi wa mikokoteni wameziba barabara ya hospitali.
Wakazi wameandika barua. Mkuu wako yuko safarini.
Andika waraka usiozidi kurasa mbili. Una dakika tisini.

Mejumaa abonyeza saa ya simu yake,
aiegemeza kwenye mtungi mtupu, asema, "Haya."

Nami natafuna kalamu.
Mara ya kwanza, mwaka juzi, niliandika yote niyajuayo,
kurasa saba, nikasimamishwa katikati ya neno.
Mara ya pili niliogopa wingi, nikaandika kidogo,
barua ya majibu ikaja fupi kuliko jibu langu.
Hii ni ya tatu. Umri wa mwisho ni thelathini na tano,
na mimi Maulidi yakipita natimiza.

Nimejifunza mpaka naota kwa vichwa vidogo:
Utangulizi. Tatizo. Wadau. Hatua. Bajeti. Hitimisho.
Mama aniuliza nataka chai au uji,
nampa faida na hasara za kila kimoja,
naye anipa uji.

Joto la Machi hapa Mlaleo halijali daraja la mtu.
Karatasi yaniganda kiganjani,
wino wa neno "mapendekezo" wahamia mkononi,
najipangusa jasho, wahamia usoni.
"Sasa umependekezwa," asema Mejumaa, na saa yaenda.

Dakika ya sitini naandika kwa mwandiko wangu wa kiofisi:
Wachuuzi wote wa mikokoteni waondolewe barabarani
ndani ya siku saba.
Naona umekaa vizuri, mstari huo. Una muda. Una kitenzi.
Mwalimu wa twisheni apenda kitenzi.

Hodi. Ni Chiro wa maji,
mitungi sita, lita ishirini ishirini,
fulana imemshika mgongo, ndara zina tope la Barsheba.
Amimina pipani; pipa laanza kwa sauti nzito
laishia nyembamba.
Angoja pesa zake, na macho, kwa kuwa hayana kazi,
yasoma meza.

"Siku saba," asema. "Ni kina nani hao?"
"Ni kisa tu, Chiro. Mji wa kubuni."
"Una mikokoteni?"
"Unayo."
"Basi naujua."
Apokea mia mbili, atafuta chenji ya ishirini mfuko hadi mfuko.
"Nikiondoka siku ya saba, siku ya nane mwanywa nini?
Hilo wameliuliza hapo?"
Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aulizaye bei,
akaikusanya mitungi, akatoka. Gurudumu lake moja hulia.

"Zimebaki ishirini na tano," asema Mejumaa.

Nikarudi kwenye Wadau. Nilikuwa nimewaorodhesha:
wakazi, hospitali, kampuni ya maji, polisi, bunge la kaunti.
Sikumwandika mtu ambaye jina lake nalijua
na binti yake wa darasa la nne namjua.
Nikaukata mstari. Pembeni yake nikaandika:
wapewe njia ya nyuma ya hospitali, na saa zao;
kioski cha maji kijengwe kwanza, ndipo mtu aambiwe toka;
waitwe mkutanoni, wakalie viti vile vile tukaliavyo sisi.
Mishale. Nyota. Neno limempanda mwenzake mgongoni,
ukurasa wa pili ukafurika hadi pambizoni
kama mtaro wa Mwembe Tayari siku ya mvua.

Simu ikalia. Sina hitimisho.
Mejumaa ahesabu alama kwa mwongozo uliopigwa chapa:
mpangilio, nne kwa kumi; muda, sifuri;
penye "uhalisia" kalamu yake yaning'inia,
haandiki kitu.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, ukumbi wa Tononoka.
Kitambulisho, kalamu mbili, vyeti na nakala zake.
Mama ashalipiga pasi buibui langu, alitundika msumarini,
lanitazama kama mtu mwingine aliyekwisha kupata kazi.

Usiku huu najifunza kuandika upesi.
Kumwondoa Chiro kulinichukua sekunde kumi.
Kumtafutia njia, dakika ishirini na tano,
na bado.