Gego la Fundi Mwashi

Miaka kumi na tisa naziba nyufa za watu hapa Kayole,
naujua ukuta mbovu kwa mlio wa ngumi.
Kumbe kinywani mwangu
mlikuwa na tundu, dogo kama la sindano.
Nikalinywesha chai, sukari vijiko vinne,
likiuma nalituliza kwa karafuu ya Mama Nzilani.

Siku moja maumivu yakaisha. Nikashukuru.

Sikujua jino likinyamaza halijapona:
mshipa umekufa ndani,
na usaha unachimba msingi usiku,
kibarua asiyedai ujira.

Alhamisi nikaamka na homa, shavu limefura,
gumu, kama saruji iliyonyeshewa mfukoni.
Mate hayamezeki.
Daktari Kerubo akanitazama:
"Ungengoja zaidi, ungeletwa kwa machela."
Akapasua, akakamua. Ile harufu sitaisema.

Gego limekwenda. Ulimi hulikagua pengo
kila saa, kama msimamizi wa mjengo.

Sasa kabla ya kulala nasimama na Mwende kwenye karai:
mswaki, dakika mbili, mpaka kule nyuma.
Ananung'unika, amechoka.
Rudia kona ile, mwanangu,
hapo ndipo mimi nilipobomokea.