Saba kwa Hamsini

Elfu nne na mia tano, nimezifunga pembeni mwa leso,
fundo nimelikaza kwa meno.
Ndiyo bajeti. Haina shangazi wa kuiongezea.

Chengo aliniambia, nunua yoyote,
si tunataka kusoma jina la meli tu?
Yeye husahau upesi.
Mie sijaisahau ile Jumanne tulipopeleka
bamia kilo arubaini kwa MARINA,
na aliyeagiza bamia ni MARISA,
katia nanga maili mbili upande wa pili,
mpishi wake anafoka redioni.
Herufi moja. Petroli lita kumi na nane.
Bamia tukala wiki nzima, mpaka mtoto akauliza
kama bamia ni jamaa yetu.

Duka ni la Shabbir, Barabara ya Digo,
saa za ukutani huku, pasi za umeme kule.
Kijana wake akanipa ile inayong'aa,
lenzi nyekundu kama mdomo wa mla tambuu,
imeandikwa kwa dhahabu: mara ishirini!
Elfu mbili mia nane, mama, na mfuko bure.

Nikatoka nayo barazani.
Ng'ambo ya barabara pana bango la daktari wa meno.
Nikasimama kwa mguu mmoja.
Watu wakageuka. Muuza kashata akaacha kuhesabu chenji.
Una kizunguzungu? akauliza kijana.
La, mwanangu.
Kitu cha baharini hakipimwi kwa miguu miwili.
Na lile bango likacheza chakacha,
jino likaruka, nambari ya simu ikaruka:
kinachovuta mbali mara ishirini
huvuta na mtetemo wa mkono mara ishirini.
Nikairudisha, na mfuko wake.

Hapo Shabbir mwenyewe akainuka,
akafungua saraka ya chini
akatoa nyeusi, nzito kama mche wa sabuni,
raba imebanduka ubavuni, kifuniko kimoja hakipo.
Saba kwa hamsini, akasema,
kama mtu anayetaja mtaa aliozaliwa.
Baharia mmoja aliiacha badala ya deni la redio.

Nikainyoshea mikono kuelekea mwangani.
Katika kila tundu, duara la nuru,
kamili, halikumegwa pembe,
kama shilingi ya zamani chini ya maji.
Nikaigeuza kutafuta kuvu,
ule utando ambao joto la Mombasa hufuma
ndani ya kila chenye kioo na kila chenye ngozi.
Kushoto, ukingoni, kidogo, kama unyoya.
Nikamwonyesha. Akakohoa. Bei ikashuka mia tatu.
Nikafumba jicho hili, nikafumba lile, nikafumbua yote:
bango moja, si mawili.
Mguu mmoja tena.
Jino likatulia. Daktari akawa na jina.

Tulivutana mpaka chai yake ikaota ngozi.
Elfu nne mia nne na hamsini, basi, neno la mwisho,
na neno la mwisho lilisemwa mara sita.
Nikabaki na hamsini.
Ashukuriwe aliyeamua
mwenda kwa miguu asilipe feri.

Katikati ya maji nikaitoa mfukoni.
Feri inanguruma hadi kwenye magoti,
na picha haikuyumba.
Ufukwe wa Mtongwe. Boti yetu mchangani.
Chengo, aliyeapa kwamba leo anasafisha injini,
chali kivulini, mdomo wazi,
pengo la jino naliona kama dirisha.
Na ubavuni mwa boti, herufi nilizozilipia mwaka juzi:
WA NE.

Tuliiita WAONE.
Sijui O ilibanduka lini.
Miezi mingapi tumezifikia meli za watu
tukijiita wa nne,
kana kwamba watatu wametutangulia?

Kopo dogo la rangi ni mia mbili.

Msichana mwenye sare ya shule ananivuta leso.
Haya, shika. Kwa mikono yote miwili.
Ukanda shingoni kwanza.
Waona nini?

Akatazama kwa muda mrefu.
Mtu, akasema. Amelala.