Ukucha

Natchez, Mississippi, mwaka wa tisa wa karne hii.
Chumba cha nyuma, dirisha moja la kaskazini,
meza ya mteremko, kioo cha picha kimesimamishwa,
na mimi, Verbena, na penseli tatu zilizochongwa
hadi ncha zikawa nyembamba kama kope.

Huku nyuma dunia hugeuzwa.
Kwenye kioo, kabla karatasi haijaingia kati,
Bi Crewe ana uso mweusi tititi,
gauni lake la lesi ni usiku uliotobolewa,
na yaya aliyesimama nyuma yake
anang'aa kama chumvi.
Miaka sita nimewaona wakubwa wote wa mji huu wakiwa weusi.
Sijamwambia mtu.
Ningemwambia nani?

Mbele, kwenye zulia, anayesema ni Bwana Wetherby:
kidevu juu, bibi; kushoto kidogo; zuia pumzi.
Mwanamke huonyeshwa pa kutazama.
Mumewe huulizwa angependa kutazama wapi.
Kiti ni cha bwana, mkono wa bibi uko begani mwake
kana kwamba anampangusa vumbi.
Kisha kioo huletwa kwangu, nami kwa kisu
hukwangua kiuno, inchi mbili kulia, mbili kushoto,
na hajatokea aliyeuliza matumbo yamekwenda wapi.

Alhamisi, kwa mlango wa uani, huja watu wetu,
senti zao zimefungwa kwenye leso.
Bei ni ileile; pazia ni lile lililochakaa.
Mwalimu Ottoline Gaines alipewa kikapu cha pamba akishike.
Akakiweka chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto wa jirani.
"Nimekuja na kitabu changu," akasema.
Bwana akampiga akiwa amefumba macho.
Picha ya pili ina bei yake.
Alilipa.

Sasa, habari ya Jumanne.
Mtoto Augustus Crewe aligoma kutulia,
na siku ilikuwa ya mawingu: sekunde mbili nzima,
umri mzima kwa mwenye miezi saba.
Wakamwita Arzula, wakamketisha,
wakamfunika shuka ya kahawia toka utosini hadi viatuni,
wakampakata mtoto juu yake kama juu ya kochi.
"Mshike, lakini usionekane."
Akamshika. Mtoto akasikia chini ya kitambaa
moyo anaoujua, akanyamaza.

Kioo kilinifikia na kikaratasi, mwandiko wa bwana:
*Ondoa mkono.*

Kweli ulikuwapo. Vidole vinne mbavuni mwa mtoto,
pale shuka ilipoteleza.
Naufahamu mkono ule: Jumapili
huketi benchi lililo mbele ya langu,
kidole cha shahada kina kovu la sabuni ya magadi.
Na kazi yenyewe ni hii, niieleze vizuri:
ili mkono mweusi upotee katika gauni jeupe
sharti niupake weusi.
Risasi ya penseli, nukta kwa nukta,
naupaka weusi hadi uwe mweupe,
hadi uwe gauni, hadi usiwe.

Nilianza na kifundo. Nikaja kwenye kovu,
hapo nikachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.
Taa ikanywa mafuta yake yote.
Nilikesha, na kulipokucha
ulibaki ukucha.

Bi Crewe aliinua picha kwenye mwanga:
"Hiki kifungo ni cha wapi?"
"Ni kivuli, bibi," akasema Bwana Wetherby,
bila kutazama.
Wakaitia fremu ya dhahabu, ikapanda juu ya piano,
na kila Jumamosi Arzula huipangusa.

Alijua. Jumapili ya tatu,
wimbo ukiwa katikati, bila kugeuza shingo, akasema:
"Umeniachia kidogo."

Niliitazama kofia yake, utepe wake wa bluu.
Hadi leo sijui kama alikuwa akishukuru
au akidai kilichosalia.