Pacha wa Nani

Jumapili hii somo ni la Tomaso,
na katekista Mwarandu amenipa mimi nilisome
kwa kuwa, anasema, sauti yangu haitetemeki.
Hajui. Au anajua sana.

Aitwaye Pacha. Hapo ndipo ninapokwama,
jikoni, Muyeye, karatasi imeegemea kopo la chumvi.
Pacha wa nani?
Hakuna asemaye. Jina la pili halikuandikwa,
kama watu wa Barani wanavyoniita hadi leo
yule mwenzake Chengo,
na mimi nina jina, naitwa Luvuno.

Wahubiri wamemsimanga karne na karne:
mbishi, mgumu wa moyo, mtaka ushahidi.
Mimi nilipopigiwa simu kutoka hoteli ya Wataliano
kwamba fundi ameanguka toka paa la makuti,
nilisema si yeye. Chengo hutembea juu ya boriti kama paka.
Nikasema tena mlangoni pa mochari.
Hata uso ulipofunuliwa nikasema si yeye,
mpaka nilipokitafuta kidole cha shahada,
kile ambacho msumeno ulikila ncha tukiwa na miaka kumi na sita,
nikakigusa kigutu.

Basi mtume huyu namwona vingine.
Si mwenye shaka. Huyu alishazika.
Waliposema wamemwona Bwana, akawajibu
kama mtu aliyewahi kukimbilia hodi usiku
akafungua, akakuta upepo.
Na kabla ya hapo, wenzake walipoogopa kurudi Yudea,
ni yeye aliyesema haya, twende, tukafe pamoja.
Nani husema hivyo ila aliyezaliwa wawili?

Sista Anamma wa zahanati, mtu wa Kerala,
humtaja kama babu wa mtaani kwao:
alifika na randa na patasi,
mfalme akampa fedha ajenge jumba,
akazigawa zote kwa maskini,
akasema jumba tayari, liko juu.
Mwisho wakamchoma mkuki.
Sista hucheka akifika kwenye fedha.
Kwenye mkuki hunyamaza, akaendelea kufunga bendeji.

Kanisani, benchi la tatu ni kazi ya Chengo, mbambakofi.
Kiungo kimoja kimepinda.
Nakipitishia kidole kila nikikaa.
Hakijalegea.

Kesho nitasimama, nisome polepole.
Nikifika kwenye jina lile nitavuta pumzi,
na atakayedhani nimepotea mstari
na adhani.